Marubani watatu, macho sita, kasi ikashuka bila mtu kuona

Julai 6, 2013, ndege ya Asiana namba 214 ilikuwa inakaribia San Francisco baada ya zaidi ya saa kumi angani kutoka Seoul. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, uwanja unaonekana kwa macho. Chumba cha marubani kilikuwa na watu watatu: rubani mzoefu aliyekuwa bado anajifunza Boeing 777, mkufunzi wake, na rubani wa akiba aliyekaa nyuma yao. Mbele yao kulikuwa na skrini inayoonyesha kasi ya ndege muda wote, kwa tarakimu ambazo hata abiria angeweza kuzisoma.

Kasi waliyotakiwa kuwa nayo ilikuwa kama kilomita 254 kwa saa. Ilishuka hadi karibu kilomita 190. Ndege ikagonga ukuta wa kuzuia maji ya bahari kabla ya kufika kwenye njia ya kutua, mkia ukakatika. Kati ya watu 307 waliokuwemo, watatu walikufa.

Zaidi ya miaka kumi baadaye, kisa hiki kinasomwa upya kwa sababu ya swali linalogusa kila anayepanda ndege: je, rubani mmoja anatosha? Kwa miaka kadhaa sasa, watengenezaji wa ndege, wakiwemo Airbus na Dassault, wamekuwa wakitaka safari ndefu ziruhusiwe kuwa na rubani mmoja tu kwenye usukani ndege ikiwa imetulia juu, huku mwenzake amelala. Vyama vya marubani vinapinga. Mwaka 2025, utafiti uliosimamiwa na EASA, wakala wa usalama wa anga wa Umoja wa Ulaya, ulihitimisha kuwa haijaweza kuthibitishwa vya kutosha kwamba mpango huo utakuwa salama sawa na marubani wawili.

Kila upande unaweza kuitumia San Francisco. Anayetaka kupunguza marubani atasema: hao walikuwa watatu, walisaidia nini? Anayepinga atasema: kama watatu walipitwa, mmoja itakuwaje? Ukweli ni kwamba wote wawili wanahesabu vichwa, na ajali za wakati wa kushuka zinaonyesha tatizo haliko hapo.

Kushuka si kuteremka tu

Abiria wengi wanaogopa kupaa. Kushuka wanakuchukulia kama mapumziko: injini zimepunguza kelele, wahudumu wanakusanya vikombe, watu wanatafuta simu zao. Kwa marubani, huo ndio muda wenye kazi nyingi.

Dereva wa basi anayeteremka Kitonga anajua kuwa mlima unampa mwendo hata asipoutaka. Ndege nayo ni hivyo hivyo. Kimo ni akiba, na ukishuka akiba hiyo inageuka kuwa kasi. Ukitaka kushuka haraka na wakati huo huo kupunguza mwendo, vitu hivyo viwili vinagombana. Tofauti ni kwamba dereva wa Kitonga akizidiwa anaweza kusimama pembeni. Ndege haisimami. Ikipunguza mwendo kupita kiasi, mabawa yanashindwa kuibeba na inaanguka.

Hesabu wanayotumia marubani ni rahisi: kila futi 1,000 za kimo zinahitaji kama maili tatu za baharini za safari, yaani karibu kilomita tano na nusu. Ukiwa juu kuliko hesabu hiyo, una akiba nyingi kupita kiasi. Ukiwa chini na injini zimelala, akiba imekwisha.

Viwanja vya nyanda za juu vinaongeza ugumu. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Bole, Addis Ababa, zaidi ya futi 7,600. Hewa huko ni nyepesi, kwa hiyo ndege yenye kasi ile ile kwenye skrini inakimbia zaidi ikilinganishwa na ardhi kuliko ingekuwa Mombasa au Dar es Salaam. Makosa yanakuja kwa haraka zaidi, na muda wa kuyasahihisha ni mdogo.

Ndiyo maana kuna kanuni inayofuatwa karibu na mashirika yote: ikifika futi 1,000 kutoka ardhini kama kuna mawingu, au futi 500 kama kweupe, kila kitu kiwe kimetulia. Magurudumu yametoka, kasi iko ndani ya mipaka, ndege haishuki zaidi ya futi 1,000 kwa dakika. Kama sivyo, marubani waache kutua, wapae tena, wazunguke na kujaribu upya.

Mfumo uliosubiri

Turudi San Francisco. Mtambo wa ardhini unaowaonyesha marubani mteremko sahihi ulikuwa umezimwa kwa sababu ya ujenzi, hivyo ilibidi watue kwa kutumia macho. Jambo hilo ni la kawaida kwa rubani, lakini aliyekuwa anaendesha aliwaambia wachunguzi baadaye kwamba lilimpa wasiwasi. Ndege ilikuwa juu kuliko inavyotakiwa. Katika kujaribu kuishusha, akachagua hali moja ya kompyuta ambayo badala ya kushusha ilitaka kupandisha, kwa sababu kimo kilichowekwa tayari kwenye mtambo kilikuwa cha juu, futi 3,000. Akazima sehemu ya ndege kujiendesha na kurudisha injini nyuma kwa mkono.

Hapo ndipo kitu kidogo kilipotokea. Mfumo unaodhibiti nguvu za injini haukuzimika. Uliingia katika hali ya kusubiri. Taa zake zilikuwa bado zinawaka, ila haukushughulika tena na kasi. Rubani aliamini unaendelea kuilinda.

Rubani wa akiba hakukaa kimya. Alionya mara kadhaa kwamba ndege inashuka kwa kasi kubwa mno. Walimsikia. Lakini alichoonya ni mwendo wa kushuka, si kasi ya mbele, na mteremko ulipoanza kurekebishwa pua ya ndege iliinuliwa huku injini zikiwa zimelala. Kasi ikazidi kupungua. Kwa futi 500 ilikuwa wazi kwamba ndege haijatulia, na kanuni ilitaka waachane na kutua. Hawakuachana. Walipofika futi 200 ndipo walipotambua jinsi kasi ilivyoshuka, na uamuzi wa kupaa tena ulikuja wakiwa chini ya futi 100. Injini kubwa za ndege zinahitaji sekunde kadhaa kutoka kulala hadi kufikia nguvu kamili. Sekunde hizo hawakuwa nazo.

NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilitoa hitimisho mwezi Juni 2014: marubani waliisimamia vibaya safari ya kushuka na hawakufuatilia kasi ipasavyo. Lakini bodi haikuishia kwao. Ilisema pia kwamba mifumo hiyo ni tata, na maelezo yake kwenye vitabu vya Boeing na kwenye mafunzo ya shirika hayakutosha.

Ni rahisi kusema walizembea. Ila kumtazama mwenzako akifanya kazi ambayo mara zote hufanyika sawasawa ni jambo linalochosha akili kuliko kuifanya mwenyewe. Mlinzi wa usiku analijua hilo. Geti ambalo halijawahi kuvunjwa ndilo gumu kulilinda, kwa sababu jicho linaona kile lilichozoea kuona.

Kosa lililofanana na kazi nzuri

Amsterdam, Februari 25, 2009, ilionyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Boeing 737-800 ya Turkish Airlines ilikuwa inatoka Istanbul ikiwa na watu 135. Hapo pia kulikuwa na marubani watatu, na mmoja wao alikuwa bado kwenye mafunzo.

Kipimo kimoja cha kimo kiliharibika na kuonyesha futi 8 chini ya sifuri, kana kwamba ndege iko tayari ardhini. Mfumo wa injini ukasadiki. Ukarudisha injini nyuma kama unavyofanya ndege inapogusa lami, ingawa ilikuwa bado karibu futi 2,000 juu.

Kwa nini hakuna aliyeshtuka? Kwa sababu ndege ilikuwa imeelekezwa kwenye mteremko wa kutua kutokea juu. Ilitakiwa ipunguze kimo na kasi kwa pamoja, kwa hiyo injini kulala lilionekana jambo sahihi kabisa. Mfumo ulikosea, lakini kosa lake lilifanana na kile ambacho marubani walikuwa wanakitaka. Kasi ilishuka hadi pale ilipotakiwa, kama kilomita 267 kwa saa, halafu ikaendelea kushuka. Wakati huo wao walikuwa wanamalizia orodha ya ukaguzi ya kabla ya kutua, kazi iliyokuwa imechelewa.

Usukani ulianza kutetemeka, ishara kwamba ndege inakaribia kuanguka, ikiwa futi 460 juu ya ardhi. Tisa walikufa, wakiwemo marubani wote watatu.

Hitilafu ya aina hiyo ilikuwa imejitokeza kabla kwenye ndege hiyo hiyo na ikapita bila madhara. Kila mara ilipopita salama, iliwazoesha watu kwamba si kitu.

Karachi: akiba iliyozidi

Mtu anaweza kudhani hatari ni kasi kuwa ndogo tu. Mei 22, 2020, siku mbili kabla ya Idi nchini Pakistan, ilikuwa kinyume.

Airbus A320 ya shirika la PIA ilikuwa inatoka Lahore kwenda Karachi. Ikiwa imebakiza maili 15 za baharini, ilikuwa bado futi 9,780 angani. Kwa hesabu ile ya kawaida ilipaswa kuwa karibu na nusu ya kimo hicho. Mwongozaji ndege aliwaambia kuwa wako juu mno. Wakajibu kwamba wanaweza kulimudu.

Ripoti ya awali ya wachunguzi inaeleza kilichofuata: magurudumu yalitolewa, kisha yakarudishwa ndani. Katika futi 500, pale ambapo kila kitu kilitakiwa kuwa kimetulia, ndege ilikuwa inakwenda kama kilomita 407 kwa saa, inashuka futi 2,000 kwa dakika, na magurudumu yako ndani. Ndege ya aina hiyo kwa kawaida hutua kwa kasi isiyofika kilomita 280. Ving'ora vililia. Ndege ikagusa lami kwa injini, cheche zikaruka, kisha ikapaa tena. Injini zilizokwangua lami hazikudumu. Zikazima, ndege ikaangukia nyumba za watu karibu na uwanja. Kati ya watu 99 waliokuwemo, wawili tu walinusurika, na mtu mmoja alikufa ardhini.

Waziri wa usafiri wa anga wa wakati huo, Ghulam Sarwar Khan, aliliambia bunge kuwa sauti zilizorekodiwa zilionyesha marubani wakizungumza kuhusu corona kwa sehemu kubwa ya safari. Mwezi ule dunia nzima ilikuwa inazungumzia corona, na marubani nao wana familia. Ila kanuni ya chumba chao inakataza hasa hilo.

Kanuni ya kunyamaza

Kanuni hiyo ilizaliwa Marekani mwaka 1981: ndege ikiwa chini ya futi 10,000, mazungumzo yasiyohusu safari hayaruhusiwi. Chanzo kikubwa kilikuwa ajali ya ndege ya Eastern karibu na Charlotte, Septemba 11, 1974. Marubani walikuwa wanapiga soga za siasa na magari ya mitumba huku wakishuka kwenye ukungu. Watu 72 walikufa.

Kanuni ni nzuri lakini haimlazimishi mtu kutazama. Februari 12, 2009, wiki mbili tu kabla ya ile ya Amsterdam, ndege ndogo ya Colgan Air ilikuwa inashuka kwenda Buffalo, New York. Rubani na msaidizi wake waliendelea kuzungumza mambo ya kazi na maisha hata baada ya kufika chini ya futi 10,000. Msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili kufika kazini. Kapteni alikuwa amelala kwenye chumba cha wafanyakazi uwanjani. Kasi ikashuka, usukani ukatetemeka, na badala ya kushusha pua ili ndege ipate mwendo, kapteni akauvuta. Watu 50 walikufa, mmoja wao akiwa nyumbani kwake.

Baada ya hapo Marekani ilibadilisha sheria za muda wa mapumziko ya marubani, na kudai saa 1,500 za kuruka kwa rubani wa shirika la abiria. Sheria ya saa 1,500 inabishaniwa mpaka leo, maana wote wawili wa Buffalo walikuwa tayari wamezipita.

Kwa nini hawaghairi?

Hapa kuna takwimu inayopaswa kuwakosesha wakurugenzi wa mashirika usingizi. Taasisi ya Flight Safety Foundation ilichunguza suala la kughairi kutua na kukuta kwamba, kati ya safari zinazofika chini bila kutulia, karibu asilimia 97 marubani huendelea kutua hivyo hivyo. Kanuni wanaijua. Imeandikwa kwenye vitabu vyao vyote. Na mara nyingi sana wakiendelea hakuna kinachotokea, ndege inatua, abiria wanachukua mizigo yao.

Ndiyo tabu yenyewe. Kila mara unapovunja kanuni na kufika salama, kanuni inapungua uzito. Ongeza mafuta yanayoungua, ratiba iliyochelewa, fomu ya kujieleza ambayo baadhi ya mashirika bado yanaidai, na ile aibu ya kupaa tena mbele ya abiria 150 ambao wengine watatua na kuandika mtandaoni kwamba rubani ameshindwa kutua. Kumbe rubani huyo ndiye aliyefuata kanuni.

Kuna mashirika yameamua kwamba rubani yeyote kati ya wawili akitamka kughairi, ndege inapaa, mjadala baadaye chini. Hiyo ni hatua kubwa kuliko mtambo wowote mpya, kwa sababu inampa msaidizi kazi halisi badala ya kumfanya shahidi.

Aliyelala akaamka

Rudi sasa kwenye mpango wa rubani mmoja. Wanaoutetea wanasema ni kwa ajili ya sehemu tulivu ya safari pekee. Wakati wa kushuka wote wawili watakuwa vitini. Kwa maneno mengine, yale ya San Francisco na Karachi hayahusiki.

Yanahusika, na ushahidi uko Mangalore, India. Mei 22, 2010, miaka kumi kamili kabla ya Karachi, ndege ya Air India Express ilikuwa inatoka Dubai usiku. Kinasa sauti kilirekodi kapteni akikoroma, na kwa muda mrefu hakuna mazungumzo yoyote. Aliamka muda mfupi kabla ya kushuka. Akaikuta ndege iko juu mno, akaishusha kwa nguvu. Ilivuka mwanzo wa njia ya kutua ikiwa kama futi 200 badala ya 50, na kwa kasi inayokaribia kilomita 300 kwa saa badala ya 267.

Msaidizi wake alikuwa macho. Alimwambia zaidi ya mara moja waghairi. Kapteni akaendelea. Ndege iligusa lami ikiwa imekwisha kupita zaidi ya nusu ya njia, kwenye uwanja uliojengwa juu ya kilima, ikatumbukia bondeni. Walikufa 158 kati ya 166.

Wachunguzi wa India waliutaja usingizi huo, hasa ile hali ya mtu kuamshwa akawa yuko macho lakini akili bado haijafika. Hali hiyo ni miongoni mwa hatari zilizoorodheshwa na utafiti wa EASA, pamoja na uchovu wa yule anayebaki peke yake, kuchoshwa na ukimya, na kukosa mtu wa kumhakiki. Hata swali la rubani huyo aende vipi msalani limo.

Ukanda huu nao umeonja. Agosti 2022, ndege ya Ethiopian kutoka Khartoum ilifika juu ya uwanja wa Addis Ababa ikiwa bado kwenye kimo cha safari, futi 37,000, bila kuanza kushuka. Waongozaji waliita, hawakujibiwa. Taarifa zilisema marubani walikuwa wamelala na kwamba waliamshwa na king'ora baada ya mfumo wa kujiendesha kujiondoa. Shirika lilikiri kwamba mawasiliano yalikatika kwa muda na likawaondoa kazini marubani hao kusubiri uchunguzi. Ndege ilizunguka ikatua salama.

Mashirika yanayoruhusu rubani kusinzia kitini yana utaratibu wake: usingizi mfupi wa kama dakika 40, kisha kama dakika 20 za kuchangamka kabla ya kugusa kazi yoyote, na yote yawe yamekwisha mapema kabla ya kushuka. Kwenye safari ndefu sana marubani hulala kitandani saa kadhaa, lakini wanaobaki kwenye usukani ni wawili. Mpango mpya unataka usingizi wa saa kadhaa na mtu mmoja mbele. Huyo mmoja, baada ya kukaa peke yake gizani, ndiye atakayemweleza aliyetoka kulala wako kimo gani, kasi gani, na imebaki safari kiasi gani kabla ya kuanza kushuka.